Malalamiko Kuhusu Neno "Kitani" na Mke Wangu Aliyeko Kwako

Kwa Ndugu Mhariri Mkuu wa Kamusi, ambaye pia ni Shemeji yangu,

Nakusalimu kwa vyeo vyako vyote viwili. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, umekaa kwenye kiti chenye kifuniko safi, maana mtu wa hadhi yako hastahili kukalia plastiki tupu.

Nimepata tabu kidogo juu ya namna ya kukuita. Ungekuwa shemeji tu, tungemalizana kwa simu. Nilikupigia, ukaniambia, "Shemeji, mambo ya kamusi andika barua ofisini kama watu wengine," kisha simu ikakatika, nami kwa wema wangu nikaulaumu mtandao. Basi naandika kama watu wengine. Ila watu wengine, Ndugu Mhariri, hawana wake waliohamia kwenye chumba cha wageni cha Mhariri.

Nieleze kwa ufupi, kwa faida ya karani wako anayefungua barua, ambaye najua atasoma kabla yako. Mimi hukodisha viti, meza na vitambaa vya kumbini: harusi, misiba, mahafali, na mikutano ya watu wanaotaka kuonekana wamekutana. Kazi hii nimeifanya na dada yako tangu tuoane. Mimi napokea wateja na kuzungumza. Yeye anafua, anapiga pasi, anakunja, na kukagua kila kinachorudi. Mlangoni tuna kibao kisemacho VITAMBAA VYA KITANI HALISI, nilichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu. Kwa muda wote huo hatujagombana hata siku moja juu ya neno lililoandikwa. Tumegombana juu ya yaliyosemwa, kama nyumba yoyote yenye amani. Sasa neno moja kutoka kwenye kamusi yako limeingia kwangu mikono mitupu na limetoka na mke. Ameondoka na sanduku lake, na ile pasi nzuri, na ameniachia kauli moja tu: kwamba atarudi siku nitakayojua kitani ni nini.

Mimi najua kitani ni nini. Kwa hiyo kilichobaki kubadilika ni kamusi. Hilo ndilo kusudi la barua hii, na nimelipanga kwa namba ili usipate pa kujificha.

Nianze kwa kunukuu maneno yenu wenyewe, mtu asije akasema nimewasingizia. Kamusi inasema hivi: "Kitani: 1. Nguo iliyofumwa kwa nyuzi za mmea uitwao kitani. Haing'ai, na hukunjamana upesi. 2. Mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo iitwayo kitani. Mfano: Mama alitandika kitani mezani wageni walipokuja. Asili yake: Kiarabu."

LALAMIKO LA KWANZA: Maana yenu inazunguka.

Nilikaa na kamusi mezani kama mtu mwenye nia njema. Nikasoma maana ya kwanza, ikaniambia kitani ni nguo inayotokana na kitani. Vizuri, nikasema, ngoja tuone kitani ni nini. Nikashuka maana ya pili, ikaniambia kitani ni mmea unaotoa kitani. Nikapanda tena juu. Nikashuka. Nilipopata kizunguzungu nikaichukua kamusi nikaenda nayo kwa kinyozi jirani yangu, mtu aliyesoma magazeti mengi kwa sababu wateja wake huyaacha. Naye akaanza kupanda na kushuka, huku mteja wake amenyolewa upande mmoja. Mwishowe mteja ndiye aliyetuokoa, kwa kusema ana harusi mchana.

Fikiria mtu aje ofisini kwangu aniulize kiti ni nini, nami nimwambie ni kile kinachokaliwa na mtu aliyekalia kiti. Atanishukuru, ataondoka, na atakwenda kukodi kwa yule jirani wa ng'ambo ya barabara ambaye viti vyake vina nyufa zinazofinya makalio. Nyinyi mnalindwa na jambo moja tu: hakuna kamusi ng'ambo ya barabara.

Wahenga walisema penye wazee hapaharibiki neno. Ofisi yako ina wazee wengi, nimewaona kwa macho yangu siku niliyoleta viti vya sherehe yenu, na bado neno limeharibika mbele yao wote.

LALAMIKO LA PILI: Asili ya neno haijafuliwa.

Mnasema neno ni la Kiarabu, mkaishia hapo, kana kwamba mmefika. Sikuridhika. Nilimuuliza mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa kudumu upande wa misiba, akaniambia kwamba hata Waarabu hawakulianzisha. Lilikuwa kabla yao, midomoni mwa watu wa kale waliokaa kati ya mito miwili, wakalima mmea huo na kufuma nguo zake, kisha wakatoweka na neno likabaki.

Ndugu Mhariri, kwa lugha ya biashara hilo ni neno la mtumba. Limevaliwa na watu waliokwisha kufa, likapita mikono mpaka mikono, likavuka maji, na nyinyi mkalipokea na kuliingiza kwenye kamusi bila hata kulining'iniza juani. Mimi kitambaa kikitoka msibani hakiendi harusini mpaka kichemshwe, kisuuzwe na kunyooshwa, na tunazungumzia safari ya siku mbili tatu tu. Neno hili lina safari ya maelfu ya miaka, halafu mnashangaa likija kwangu linanuka ugomvi.

Kinyozi ana nadharia yake kwamba neno lilizaliwa hapa hapa, kwa sababu shuka hukaa kitandani, basi kitanda na kitani ni ndugu. Sikuikubali moja kwa moja, lakini ina sifa ya kuwa karibu, haihitaji nauli. Nadharia yangu mwenyewe ni bora zaidi, nayo nimeipata kwako. Siku moja tulipokula kwako, ulipanguza mdomo ukasema, "Shemeji, sisi hatutungi maneno. Maneno ni ya watu. Sisi tunaandika tu wanavyosema." Nilikaa na kauli hiyo moyoni. Sasa basi, katika mtaa huu, mtu akisema kitani anamaanisha vitambaa vyangu. Nimewauliza wateja mmoja mmoja walipokuja kuchukua viti, na hakuna hata mmoja aliyepinga, ingawa niseme ukweli kwamba nilikuwa nimeshika funguo za stoo. Kwa kanuni yako mwenyewe, asili ya neno kitani ni dukani kwangu, rafu ya tatu, kushoto.

LALAMIKO LA TATU: Mmekitukana kitambaa.

Mmeandika kwamba kitani haking'ai na kwamba hukunjamana upesi. Nimekaa nikajiuliza ni chuki gani hii. Kila mtu anajua kwamba kitani ni kitambaa cha heshima. Na kila mtu anajua kwamba heshima hung'aa na haina mikunjo. Tazama gari la mkurugenzi. Tazama kichwa cha mkurugenzi mwenyewe. Inawezekanaje kitu kiwe ghali kuliko vingine halafu kionekane kama kimetoka kulaliwa? Mtu akilipa zaidi ili apate mikunjo, basi mimi nimepoteza maisha, maana uso wangu ungekuwa mali.

Dada yako, niliposema hayo, alinijibu kwamba si kila king'aacho ni dhahabu. Nikamwambia mimi sikusema dhahabu, nimesema kitani. Aliniangalia namna anavyoangalia doa la mchuzi kabla ya kuamua kama linatoka.

Madhara ya sentensi hiyo hayakuishia nyumbani. Shangazi wa bibi harusi mmoja, mama mwenye mkufu mzito na macho mepesi, alikuja ukumbini asubuhi tulipokuwa tunatandika. Akashika pembe ya kitambaa cha meza kuu, akaifinyanga ngumini kwa nguvu zake zote, akaiachia. Kitambaa kikafunguka, laini, kama hakijaguswa na mtu. Mimi nikatabasamu kwa fahari. Yeye akasema, "Hii siyo kitani. Kitani ukikishika kinakumbuka." Nikamuuliza amepata wapi maneno hayo, akasema kamusini, sehemu ya mikunjo. Nikamweleza kuwa kitambaa kisichoweka kinyongo ni bora kuliko kinachoweka. Akaniambia nitandue. Harusi ilifanyika kwenye meza tupu, Ndugu Mhariri. Wageni walikula wakitazamana magoti.

LALAMIKO LA NNE nililiandika jana nikiwa na hasira, na leo nimelichana. Lilihusu ukoo wenu wote. Tuendelee.

LALAMIKO LA TANO: Mfano mliotoa ni wa kifamilia.

Hili ndilo zito, na nitaomba karani asimame nje kidogo.

Kabla ya harusi ile, viti vilikuwa vimerudi na vumbi la uwanjani, nami nikahitaji matambara. Nikapekua kabati la chumbani. Chini kabisa, kimezungushiwa karatasi, nikakuta kitambaa kikubwa, kizito, rangi ya maziwa yaliyolala. Hakikuwa na mng'ao wowote. Kilikuwa na mistari ya mikunjo juu ya mikunjo, kama kiganja cha mtu aliyefua maisha yake yote. Nikasema moyoni, hiki kimestaafu, ngoja nikipatie kazi nyingine. Nikachukua mkasi nikakikata vipande vya kutosha mkono. Na kwa haki ya kikazi niseme: sijapata kuona tambara linalofuta namna ile. Linakunywa maji yote, haliachi nyuzi, na likikauka linarudi kufuta tena bila manung'uniko.

Dada yako aliporudi akakuta viti vyote vinameta. Hakupiga kelele. Kelele ningejua la kufanya nazo. Aliokota vipande kimoja kimoja, vilivyokuwa vyeusi kwa vumbi, akavipanga mapajani akivinyoosha kwa kiganja, kisha akaniuliza, "Mume wangu, unajua hiki kilikuwa nini?" Nikamjibu kwa lugha ya kazi kwamba ni tambara. Akasema, "Kilikuwa kitani cha mama."

Nikacheka, Shemeji. Sikucheka kwa ubaya. Nilicheka kwa sababu nyuma yangu palikuwa na rafu nzima ya kitani, kinachong'aa hata ukitaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake, na yule wa duka la jumla aliponiuzia aliniambia kwa kinywa chake, "Hii ndiyo kitani ya kisasa, mzee, haitaki hata pasi." Ningewezaje kukiamini kipande cha mikunjo dhidi ya shahidi kama huyo?

Wala usidhani niliishia kucheka. Mimi ni mume, si gogo. Wahenga walisema mke ni nguo, mgomba kupalilia. Nikapanda ngazi, nikashusha robota jipya, nikamkatia mita sita nzima za kitani changu, nikamvika mabegani mwenyewe. Akakivua. Akakikunja vizuri, maana hata akikasirika hukunja vizuri, akakirudisha rafuni mahali pake. Ndipo akashusha ile kamusi uliyotupa zawadi, yenye sahihi yako ukurasa wa mbele, akanisomea neno hilo kwa sauti kama hakimu. Alipofika kwenye mfano, "Mama alitandika kitani mezani wageni walipokuja," akafunga kitabu na kwenda kutafuta sanduku.

Sasa nauliza rasmi: mama huyo ni nani?

Usinijibu kwamba ni mama yeyote. Mimi namjua. Ni marehemu mama mkwe. Meza yenyewe naijua. Ni ile ya sebuleni kwenu iliyokuwa na miguu mitatu na tofali moja, na wageni wenyewe ni sisi, ujumbe wa posa, mimi na baba yangu mdogo na rafiki yangu mmoja aliyekuja kwa ajili ya chakula. Nakumbuka alitandika kitu, akakipapasa kwa kiganja pembe hadi pembe, kisha akatukaribisha kama tumefika ikulu. Sikuangalia kitambaa. Nilikuwa naangalia mlango ambao dada yako angetokea.

Kwa maneno mengine, umeichukua kamusi ya watu wote, iliyochapwa kwa ajili ya watu wote, ukamwingiza mama yenu kwa mlango wa nyuma. Yumo humo ukurasa ule, anatandika kitani wageni wakija, na atatandika toleo baada ya toleo, huku sisi wengine tunazeeka na kusahaulika. Nimepekua kamusi nzima nione kama na mimi nimo. Chini ya neno "mkwe" nimekuta mfano: "Mkwe amechelewa tena." Sitasema zaidi.

LALAMIKO LA SITA: Hakimu amemhifadhi mshitaki.

Dada yako analala kwako, anakula kwako, na naambiwa anapiga pasi mashati yako kwa pasi yangu. Wakati huo huo wewe ndiye unayeamua maana ya neno tunalogombania. Watu wa mtaani wanaiita hiyo kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere. Mimi sisemi wewe ni ngedere, cheo chako kinanizuia, lakini nimeuona mti.

Hapa niongeze kwamba hali yangu si nzuri. Vitambaa vinarudi na sijui vinawekwa wapi. Jana nilitandika msibani vifuniko vyenye riboni za harusi, na mfiwa mmoja akadhani tunamcheka. Nimegundua kwamba mimi sijui kukunja. Nikikunja kitambaa kinatoka na umbo la mtu aliyekaa. Jioni nakula nimesimama, kwa sababu katika nyumba yenye mamia ya viti sioni pa kukaa. Nikizungumza, hakuna anayeniambia ninyamaze, na usiponyamazishwa hujui umefika mwisho. Nina upweke, Shemeji. Naona niliandike hilo chini ya namba sita kwa kuwa sikupata namba yake yenyewe.

MAOMBI.

Kwa hayo yote, na kwa heshima zote, naomba ofisi yako itekeleze yafuatayo.

Kwanza, maana ya kitani ibadilishwe isomeke: "Kitambaa chochote king'aacho, kisichokunjika, kilichouzwa kwa jina hilo na mtu mwenye kibao." Najua toleo jipya huchukua muda. Kwa hiyo, wakati tunasubiri, ofisi itume watu nyumba kwa nyumba wakiwa na gundi na vipande vya karatasi, wabandike maana mpya juu ya ile ya zamani. Waanze na nyumba ya yule shangazi.

Kama hilo ni gumu, basi herufi K yote ifungwe kwa ukaguzi. Nimelifikiria jambo hili sana. Najua ina maneno mengi ambayo watu wameyazoea, yakiwemo kula, kulala na kwenda, lakini hata nyumba yangu ilikuwa na mengi niliyoyazoea na bado imefungwa. Watu watatumia herufi nyingine kwa muda. Tukikosa kula tutapata chakula, nacho kinaanza kwa CH.

Ikionekana kwamba kosa halikuanzia kwenye kamusi bali shambani, basi ofisi iwaandikie wakulima wa mmea wa kitani, popote walipo, iwaagize walime wa aina isiyokunjamana. Mmea ni kiumbe. Ukielezwa vizuri utaelewa. Wakikataa, waandikieni mchwa waje wayamalize mashamba.

Tena naomba mfano ubadilishwe. Simwondoi mama mkwe, Mungu amlaze pema. Abaki, atandike, lakini awe na mwenzake. Baada ya sentensi yake iongezwe nyingine: "Mume alimnunulia mkewe kitani, naye akafurahi." Sehemu ya "naye akafurahi" isikatwe hata kama nafasi ni ndogo. Ikiwezekana, chini ya neno "mkwe" nako waandike kwamba aliwahi.

Na mwisho, mke arudishwe. Mimi ni mtu wa kukodisha, najua taratibu: kilichotoka hurudi, kimehesabiwa, kikavu, bila doa. Najua mke si kiti. Niliwahi kusema hivyo kwa mfano tu, na dada yako ameshanijibu. Lakini hata kiti kikikaa sana ukumbini kwa mtu, watu huanza kusema ni chake. Kama bajeti ya ofisi hairuhusu kutekeleza maombi yote kwa pamoja, mnaweza kuanza na hili la mke, na neno likafuata toleo lijalo.

Nikikosa jibu, itanibidi nitunge kamusi yangu mwenyewe. Itakuwa na neno moja tu, kwa kuanzia, na itauzwa pamoja na viti.

Nifikishie salamu kwa mkeo, ambaye najua amechoka na sisi sote. Wasalimie watoto, na mwambie mdogo wao kwamba lile turubai alilolichora halijatoka rangi, na limekuwa maarufu kwenye mahafali. Msalimie yule mpokea simu wako anayesema "yuko kikaoni" hata kabla sijajitambulisha, ana bidii. Wasalimie wazee wa jopo, na uwakumbushe kwamba viti vya sherehe vilirudi vimepungua kimoja, ingawa leo si siku yake. Na karani, sasa unaweza kurudi ndani.

Ni mimi, katika ujenzi wa lugha na wa ndoa,

Shemeji yako,
Mkodishaji wa Viti, Meza na Vitambaa,
ambaye mtaa mzima sasa unamwita Bwana Kitani, na si kwa sifa.

Nyongeza: Nimeileta barua hii kwa mkono ili isipotee njiani. Nilipofika getini kwako, dada yako alichungulia dirishani akaniuliza nimeshika nini. Nikamwonyesha bahasha, nikamwambia ni malalamiko rasmi, kurasa nyingi, zenye namba. Akaniuliza, "Na humo ndani umeandika samahani?" Nikamwambia barua ndefu kiasi hiki haiwezi kukosa. Akasema, "Haya, itafute," akafunga dirisha.

Basi nimeifungua bahasha na kuisoma yote nimesimama, nimeegemeza karatasi kwenye ukuta wako. Nimeitafuta kwenye salamu, kwenye namba zote, kwenye maombi, mpaka kwenye sahihi. Kitani kimo kila mahali. Mchwa wamo. Kichwa cha mkurugenzi kimo. Samahani haimo.

Kwa hiyo, Shemeji, kamusi iacheni kama ilivyo. Kile kilikuwa kitani, na kilikuwa cha mama yenu, na mimi ndiye niliyekikata. Malalamiko yote nimeyafuta, na lile nililolichana pia. Umpelekee dada yako ukurasa huu wa mwisho peke yake, na tafadhali usiuhariri, hata kama herufi zimechafuka, mvua imeanza. Samahani, mke wangu. Nipo hapa getini.